Tumbili Hawaogopi Lipiko

Jumatatu, 24 Juni 2024

Nimekabidhiwa makopa. Mikeka minne ya muhogo mkavu, uani kwetu Likombe, na mlinzi ni mimi. Jumamosi Raheli, mjukuu wa mama mkwe, anatoka unyagoni, na wageni wote watakula ugali wa makopa haya. Mama mkwe, Mama Beatriz, anafika Ijumaa kutoka Madimba. Amemwambia mke wangu Celia kwamba akikuta makopa yametimia, sherehe itakuwa kwetu. Yakipungua, inahamia kwa Valdemar.

Valdemar ni mwanyumba wangu, amemwoa mdogo wake Celia. Ana uzio wa matofali. Mimi nina uzio wa makuti na tumbili kumi na mmoja. Mwaka wa sita huu nimeoa, na bado mama mkwe ananiita "yule wa Celia". Safari hii ataniita Ernesto.

Jumanne, 25 Juni

Nimesimamisha sanamu la mtu katikati ya ua. Nimelivisha shati langu la kanisani na kofia. Valdemar kachungulia, kasema sanamu limenizidi mwili.

Alasiri tumbili wakaja. Dume lao likakaa begani kwa sanamu, likala makopa huku likinitazama. Jike moja limeondoka na kofia. Celia anasema siku zote amesikia kuwa tumbili humwogopa mwanamume na kumdharau mwanamke, sasa mbona akitoka yeye ndiyo wanakimbia. Mkeka mmoja umekwisha.

Alhamisi, 27 Juni

Leo akili ilinijaa. Nilikwenda kwa Mzee Eduardo, anayetunza mapiko ya mtaa, vile vinyago vya kuvaa kichwa kizima ambavyo wanaume huchezea kwenye jando na unyago. Nikaomba lipiko moja kwa nusu siku. Aligoma, akalegea alipoona jogoo. Sharti lake: mwanamke asinione nikivaa wala nikivua, wala asijue aliyemo ni nani. Nikamwambia Celia yuko sokoni, na mama mkwe anakuja kesho, si mtu wa kubadili siku.

Nikavaa. Matambara mwili mzima, njuga miguuni. Tumbili walipotua nikawarukia. Hawakukimbia. Walikaa chini kutazama, kama watu waliolipa kiingilio.

Mara bodaboda ikasimama nje. Mama Beatriz, siku moja kabla! Na Celia nyuma yake, wamekutana sokoni. Mama mkwe aliponiona alitupa mkoba, akapiga vigelegele. Lipiko limekuja lenyewe kumpokea.

Kuvua siwezi. Kusema siwezi, sauti ataijua. Na lipiko likipigiwa vigelegele hucheza. Nikacheza. Majirani wakaleta ngoma. Kila nilipojaribu kuchomoka kupitia chooni, wanawake walinizunguka wakanirudisha kati. Nimecheza tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Kwenye tundu la mdomo niliwaona tumbili wakimaliza mkeka wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna aliyegeuka. Celia alikuwa anatazama vidole vyangu vya miguu.

Ijumaa, 28 Juni

Sherehe imehamia kwa Valdemar. Mama mkwe ameniuliza mbele ya watu nilikuwa wapi makopa yakiliwa. Nimesema nilikwenda kuchaji simu. Akashusha pumzi. Akasema yule aliyekuwa ndani ya lipiko hamjui, lakini yule ndiye mwanamume: saa tatu nzima bila kuomba maji. Laiti Celia angeolewa na mtu kama yule.

Imeniuma, na imenifurahisha, vyote kwa pamoja. Valdemar alitikisa kichwa kukubali. Baadaye Celia alinikanda miguu kwa mafuta ya nazi, wala hakuuliza ilikuwa wapi.

Jumapili, 30 Juni

Sherehe ilifana, kwa Valdemar. Mama mkwe aliulizia yule mchezaji mara mbili. Hakutokea. Alikuwa anapanga viti.

Lakini nimelitafakari jambo hili nikagundua kosa. Lipiko lile lilikuwa linatabasamu. Tumbili gani ataogopa tabasamu? Mzee Eduardo analo jingine, lenye pembe na meno. Celia ameanika makopa mapya, nami nimeshapeleka jogoo wa pili. Mzee kaniuliza kuhusu wanawake. Nimemtoa wasiwasi. Mama mkwe anarudi kwetu Jumatano, na si mtu wa kubadili siku.