Mgonjwa Aliyenifukuza Jikoni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya serikali.

Shosho wangu, yaani nyanya yangu, ana miaka sabini na sita, na magoti yake yamekataa kushuka hadi sokoni Kibirichia. Nilitaka aandikishwe kwenye mpango wa serikali wa pesa za wazee, nami niandikwe mlezi wake niwe nikimchukulia pesa. Bila mlezi, pesa hizo atakuwa akizisikia tu kwa majirani. Asubuhi afisa akapiga simu kwamba anakuja nyumbani kumwona. Nikaingiwa na ujanja. (Ujanja wangu mnaujua.)

"Shosho, leo wewe ni mgonjwa. Lala, jifunike, usiseme kitu."

"Nimeshikwa na nini?"

"Na kila kitu."

Akalala huku akinung'unika. Afisa akafika, mama mpole mwenye faili. Nikamsimulia ninavyomlea shosho: namfulia, namchotea maji, nampikia. Hasa kumpikia! Shosho akakohoa chini ya blanketi. (Hicho hakikuwa kikohozi cha ugonjwa.)

Kisha nikaenda jikoni kupika chai, maana kwetu mgeni haondoki na tumbo tupu. Moto wa kuni ukanishinda. Maziwa yakaungua, harufu ikafika chumbani.

Lo! Blanketi likaruka. Mgonjwa wangu akaja akishika ukuta, fimbo mkononi, sauti ikisikika hadi kwa jirani. "Mwenda! Unataka kupea mgeni maziwa ya kuungua? Toka hapo!"

Nikatoka. Mwanamume wa miaka thelathini na miwili, nimefukuzwa na mgonjwa mahututi!

Afisa alicheka hadi akaweka faili chini. "Kijana, huu mpango ni wa umri. Hata angekuwa anaruka kamba ningemwandika." Akamgeukia mwenyewe. "Shosho, huyu ndiye anakulea?"

"Huyu? Mimi ndio namlea! Hata ugali hajui kupika."

Nikaona jina langu likiondoka kwenye faili hivi hivi. Shosho akamimina chai mpya, akaniangalia.

"Lakini magoti yakikataa, ni yeye ananibeba mpaka choo. Na hajawahi kulalamika. Muandike."

Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Basi, mlezi rasmi ni mimi. Anayetaka kucheka angoje kidogo, shosho bado ananipakulia chakula.