Ukuta Unaozuia Ndoa ya Kalina

Gorna Lipa, Bulgaria
Jumatano, 11 Juni

Ndugu Ognyan Tabakov,
Mkuu wa Kompyuta, Halmashauri ya Mji

Kwa heshima zote, mguu wangu wenye plasta ukiwa juu ya gunia la maharage, nakuandikia kuhusu ukuta.

Tangu nianguke kutoka juu ya mti wa cheri, mimi msajili wa ndoa nimeruhusiwa kufanya kazi nyumbani, nikiingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa mtandao. Siku ya tatu sasa naambiwa muunganisho umezuiwa. Ulinieleza kwamba huo ni ukuta wa kinga, programu inayochagua nani apite. Jumamosi Kalina na Stamen wanaoana, na nisipoingiza majina yao, hakuna ndoa. Kwa hiyo nalalamika:

1. Mimi nina miaka ishirini na sita kazini. Ukuta una miezi miwili. Nani amzuie nani?

2. Ulisema, "Mama Tsvetana, huku kwetu mlango uko wazi, hebu angalia huko kwako." Huku kwangu kuna mume, mbuzi na pipa la kabichi chachu. Nimewakagua wote.

3. Jana mume wangu Zhivko alinipeleka ofisini kwa trekta. Ngazi za ghorofa tatu zikanishinda, na nywila mmeniapisha nisimpe mtu. Akapanda yeye, akaitazama kompyuta, akashuka. "Mama watoto, imewaka vizuri tu. Haina kinyongo na mtu."

4. Leo Kalina amekuja na gauni mkononi. "Shangazi, sasa nani atatufungisha ndoa, ukuta?"

Swali hilo nimelitafakari kwa dhati. Naomba basi ukuta uteuliwe kuwa msajili. Uvae utepe wa rangi tatu, umuulize bibi harusi kama ameridhia, unywe pombe ya rakia na baba mkwe, kisha ucheze ngoma ya horo mpaka viatu vichanike. Na kwa kuwa unatambua wasiofaa, uwakague mabwana harusi wote. Mwaka 1991, nilipoolewa, ungenisaidia sana.

Msalimie mama yako na goti lake, na wote wa ghorofa ya tatu.

Wako mtiifu, niliyefungiwa nje,
Tsvetana Radulova

N.B. Kalina amesoma haya begani kwangu, akaivuta kompyuta. Ukuta unaozuia umo humu humu kwenye kompyuta yangu. Siku ya kwanza ukuta huo uliniuliza, niruhusu au nizuie? Nikabonyeza "Zuia", maana sikumjua aliyeuliza. Kalina amerekebisha, nimeingia, majina yao yameandikishwa. Barua naituma hata hivyo, Zhivko amesifu mwandiko. Wewe soma salamu tu, na Jumamosi uje. Kalina atakuomba radhi kwa niaba yangu. Mimi bado natafakari.