Okapi wa Mubi Anatafuta Miguu

Redio ya dukani kwa Kanyere ilitangaza asubuhi, baada ya habari ya daraja lililokatika, kwamba Kisangani itafanya karnavali ya siku tatu. Kutakuwa na watu elfu hamsini, ngoma, vinyago, na "shari kumi na mbili zitakazopita katikati ya mji."

Kwenye benchi mbele ya duka hilo, hapa Mubi, Mara Saba aliweka kikombe chake chini, akaanza kufunga kamba za viatu.

— Unaenda wapi? aliuliza Pursanti.

— Siende fasi yoyote. Nafunga tu. Wamesema shari kumi na mbili.

Jina lake ni Floribert Nzabandora. Anaitwa Mara Saba kwa sababu amekimbia kijiji chake cha Ngungu, kule Masisi, mara saba, na mara ya saba hakusimama mpaka alipotufikia sisi wa Walikale, msituni, ambako waliokimbia makwao kama yeye huitwa deplase. Anajua Kifaransa cha kutosha kufahamu kwamba shari ni kifaru cha vita.

Pursanti, yaani "asilimia", ni Jean-Marie, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Hawezi kuagiza chai bila kutaja asilimia ya sukari.

— Papa Floribert, shari ya karnavali ni kamio, lori tu. Wanaipamba maua, wanapandisha na wasichana yulu.

— Basi waseme kamio.

— Ni Kifaransa. Neno moja, kazi mbili.

— Ile yenye mi nilionaka haikukuwa na maua. Na mutu wa ndani hakukuwa anacheza.

Ambreyaji alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Huyu ni Kasika, aliyepewa jina la klachi ya gari, mtu wa Butembo, dereva wa lori la Kanyere. Lori lilikuwa limeshapakiwa na lilikuwa likielekea huko huko Kisangani, mara tu dereva atakapomaliza kikombe chake.

Hapo ndipo Mama Emérence, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye kila mtu humwita Mashini, alipovuka akiwa amekumbatia furushi kubwa kuliko yeye. Alilitua mbele ya benchi. Shingo ilitoka, kikafuata kichwa cha katoni chenye ulimi mrefu mweusi uliokatwa kwenye chambrea, mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Mwisho yalitoka makalio yenye mistari myeupe na myeusi, iliyoshonwa kwa uangalifu ambao hajawahi kuuonyesha kwenye suruali zetu.

— Ni okapi, alisema.

— Tunaona, Mama, alisema Pursanti. Iko na shida gani?

— Haina miguu. Nilishona miezi munane. Wakubwa wa karnavali wakaikubali, wakanitumia na barua. Vijana wawili wenye walipashwa kuingia ndani wameenda jana ku mashimo ya madini. Miguu yangu imeenda kuchimba, yote ine. Nataka wanaume wawili, moja mbele, moja nyuma. Ambreyaji akimaliza ile chai, anaenda. Mukikatala, okapi yangu inabaki hapa inakuwa muto ya kulalia.

Sote tulitazama kikombe cha Ambreyaji. Kilikuwa nusu.

— Kunywa polepole, kaka, alisema Mashini.

— Inapoa, Mama.

— Ikipoa, njo utakunywa mbio?

Mara Saba alikuwa bado na maswali ya karnavali.

— Mwalimu, unielezee. Kule watu wanafanya nini?

— Wanatembea.

— Wanatoka wapi, wanaenda wapi?

— Wanatoka mwisho moja ya mji, wanaenda mwisho ingine.

— Elfu hamsini, mu njia moja?

— Moja tu. Ingine yote inafungwa.

— Wanabeba bintu ku kichwa?

— Wengi, ndiyo. Kofia kubwa, vikapo, hata jogoo.

— Wengine wanafunika sura?

— Njo vinyago.

— Kuko makelele yenye inafanya watoto walie?

— Ngoma na baruti, ndiyo.

— Na wenye wametoka mbali, wanalala wapi?

— Mu masomo, mu madarasa. Wametosha madawati.

— Kuko hema ya dawa? Kuko watu wenye kugawa maji?

— Iko mu programu.

Mara Saba alijifuta mdomo taratibu.

— Hii yote mi nilifanya mara saba. Hakuna hata mutu moja alinipigia makofi.

Pursanti alifikiri. Ni mtu wa haki, hukubali hesabu inapomgeukia.

— Bile unasema ni kweli, asilimia tisini na tano. Ile tano yenye inabakia ni kwamba wale, kisha siku tatu, wanarudi kwao.

— Hm, alisema Mara Saba. Hiyo ni kubwa kwa kitu ya asilimia tano.

Ambreyaji alipiga funda. Mashini alimtazama kama anayetazama mtu akila mbegu ya shamba lake.

— Mwalimu, alisema, wewe uko murefu. Ingia.

— Naweza kukuwa mbele.

— Mbele shingo inataka mufupi, ju katoni iko nzito. Nyuma njo fasi yako.

— Mama Emérence. Nilifundisha miaka makumi tatu na moja. Wanafunzi wangu wako ma-injiniya kule Kisangani. Siwezi kupita mbele yao nikiwa matako.

— Matako ya okapi njo uzuri yake yote. Mbele inafanana na punda tu. Wanapiga foto nyuma.

— Basi wapige foto ya mwingine.

— Mwalimu, aliingilia Ambreyaji, si unapenda asilimia? Mu okapi, nyuma iko asilimia ngapi?

— Makumi sita, alijibu Pursanti kabla ya kujizuia.

— Unaona. Unakatala kazi kubwa.

— Nasema mbele ao hapana.

Mashini alimpa mbele. Kikombe kilikuwa robo. Macho yote yakahamia kwa Mara Saba, ambaye alikuwa akiufungua tena mmoja wa viatu vyake.

— Mi nyuma haiko inanikwaza, alisema. Nimezoea kufwata. Ni barabara njo inanikwaza. Mpaka Kisangani kuko bariere kumi na tisa za ukaguzi.

— Kumi na saba, alisema Ambreyaji. Mbili wako wanajenga.

— Karte yangu ya elekteri, ya kupigia kura, ilibakia Ngungu, mara ya tano. Nikifika ku bariere wanauliza jina. Nasema Nzabandora. Wanauliza ya baba. Nasema ya baba. Wanauliza ya babu. Tunapanda hivi mpaka kwa watu wenye mi mwenyewe siwajue, na kila moja wao wanasema si wa hapa. Kamio inaenda, mi nabakia pale na mababu yangu.

Ambreyaji alikishika tu kikombe, bila kunywa.

Mashini alichomoa karatasi kifuani. Ilikuwa ruhusa ya safari, yenye mihuri miwili. Pursanti aliisoma kwa sauti, kisha akairudia kimya.

— Imeandikwa: okapi moja, mushonaji moja, waende na warudi. Miguu haikuandikwa.

— Walisahau, alisema Mashini.

— Hawakusahau. Okapi inazaliwa na miguu. Mwenye iko ndani ya okapi ni okapi, na iko na muhuri. Lakini usiikunje, Mama. Ikikunjwa ni ngozi, na ngozi ya okapi ni gereza, ju inalindwa na sheria. Ku kila bariere isimame, itembee.

— Kumi na saba yote? aliuliza Ambreyaji.

— Kama iko mu kamio imelala, ni uwindaji. Kama inatembea, ni utamaduni.

Mara Saba aliinua uso.

— Na okapi, wataiuliza ya babu?

— Okapi? Inazaliwa Kongo tu. Mu hii inchi yote, hakuna mutu anaweza kuambia okapi kama ilitoka fasi ingine.

Mara Saba alikifunga kiatu, akasimama, akainama, akaingia nyuma; Pursanti akaingia mbele. Ambreyaji alimwaga chai iliyobaki na kwenda kuwasha lori.

Bariere ya kwanza iko hatua mia mbili kutoka kwenye benchi, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Tulifuata sote, hata Kanyere aliacha duka wazi. Okapi alitembea vibaya. Mbele ilikuwa ikihesabu hatua, nyuma ilikuwa ikienda haraka kama ilivyozoea. Lori lilinguruma taratibu nyuma yao.

Mtu wa bariere alisoma karatasi, akaangalia mihuri, akafungua daftari lake.

— Okapi moja. Dume ao jike?

— Dume, ilisema mbele.

— Jike, ilisema nyuma, wakati ule ule.

Mtu wa bariere alingoja. Mashini alitazama angani. Hakuna aliyejisahihisha, kwa hiyo akaandika yote mawili.

— Inatoka wapi?

Mashini alifungua mdomo aseme Mubi. Lakini mtu aliyeulizwa swali hilo miaka yote hawezi kungoja ajibiwe na mwingine.

— Ngungu, ilisema nyuma.

Kalamu ilisimama. Mtu wa bariere alizunguka taratibu mpaka nyuma ya mnyama, akaitazama mistari kwa muda mrefu. Nilimwona Mashini akikishika kitambaa cha shingo ya okapi kwa mikono miwili.

— Mi nafahamu Ngungu, alisema yule mtu. Kule ni mashamba. Ngungu hakuna okapi.

— Njo vile, shefu, yalijibu makalio, kwa heshima. Zote zilikimbia.

Mtu wa bariere alifikiri. Hakuona kosa katika jibu hilo. Alirudi kwenye daftari, na katika safu ya mwisho akaandika, herufi kwa herufi, *deplase*. Kisha akafungua kamba.