Msiba wa Mzee Sadiki wa Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Arlington, Texas.

Nimeshtuka. Chai ilinipalia, na Nderitu akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Yeye ndiye aliyeleta habari. Queen, binti wa marehemu dada yangu, anaifufua "Ghorofa ya Tatu". Tamthilia yetu! Miaka kumi na miwili iliyopita tuliirekodi humu humu katika jengo ninaloishi, tukaiweka mtandaoni, na Waswahili wote kuanzia Dallas hadi Houston wakaitazama huku wakiapa hawajaitazama. Marafiki wanne, wapenzi wa jinsia moja, wanaishi pamoja na kuwaficha wazazi wao. Mimi nilikuwa mwenye nyumba, Mzee Sadiki. Kipindi cha tatu niliwafukuza. Kipindi cha tisa niliwarudishia funguo. Tangu hapo hakuna anayeniita Melkiori. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na wagonjwa wetu huja na taya limevimba wakanisalimia, shikamoo Mzee Sadiki. Hata padri.

Queen anataka iwe ya kizazi kipya. Safi kabisa. Kizazi kipya nacho kinapanga nyumba. Lakini Nderitu, Mkenya wa DeSoto aliyecheza tarishi kwa dakika mbili, anasema yeye ameshapewa nafasi. Mimi sijapigiwa hata simu! Hapo ndipo chai iliponipalia.

Jumapili, 7 Septemba.

Nimekwenda kwenye mazoezi bila kualikwa. Yanafanyika sebuleni kwa Queen na Fiona wake. (Wanaoana Aprili. Katika wazee wote wa ukoo ni mimi tu niliyekubali kusimama upande wa mama. Wengine wamepatwa na homa inayoanza Aprili.) Nilibeba mtungo wa funguo za zamani, nikakaa palipo na mwanga, nikawa nauchezesha. Hakuna aliyegeuka.

Mishtuko ya leo ni mingi. Kijana Heritier, Mkongomani anayefanya kazi ghalani, ndiye mhusika mkuu. Ukurasa wa kwanza anamwambia mama yake kwamba anapenda wanaume. Mama anajibu kwamba anajua, aje ale. Imekwisha! Sisi jambo hilo lilitupeleka vipindi saba na vitambaa vya kufutia machozi. Nikamuuliza Queen kilio kiko wapi. Akasema kilio kipo mbele, vijana wa sasa hofu yao imehamia mahali pengine.

Kisha akaja mama mmoja mwenye daftari. Kazi yake ni mabusu. Anauliza mkono utakaa wapi, sekunde ngapi, nani ataacha kwanza, na wote wanatia sahihi. Nimebaki mdomo wazi. Enzi zetu busu likikaribia, kamera iligeukia pazia. Pazia lile lilifanya kazi kubwa kuliko Nderitu.

Mwishoni Queen akanipa mswada wote. Akanisisitizia niusome mpaka mwisho. Nilijua tu! Mtungo wa funguo umefanya kazi.

Jumatatu, 8 Septemba.

Nimekufa.

Ukurasa wa nne. "Mzee Sadiki amefariki." Maneno matatu! Sikupewa hata kikohozi. Nimeuvurumisha mswada nyuma ya friji, na huko ukae.

Nderitu amepiga simu kunipa pole. Yeye anacheza babu wa Heritier, ana mistari thelathini. Alinisomea kumi.

Jumatano, 10 Septemba.

Nimempigia Queen. Aliniuliza kama nimesoma mswada wote. Nikasema wote. Akaniuliza, kwa sauti ya upole sana, kama nimeelewa kwa nini amefanya vile. Nikasema nimeelewa vizuri mno. Akasema, "Ahsante, mjomba. Niliogopa utakasirika." Nikakata simu nikiwa nimekasirika.

Binti huyu hasikii maneno. Atasikia umma. Mashabiki wakijua kwamba Mzee Sadiki ameuawa watainuka, na wakiinuka watanirudisha. Kinachotakiwa ni tangazo.

Ijumaa, 12 Septemba.

Tangazo limekamilika. Nimelipamba na picha yangu ya enzi zile, nimevaa balaghashia, nywele zote zikiwa bado kichwani. Nalinakili hapa kwa ajili ya historia:

"Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kuondokewa na mpendwa wetu Mzee Sadiki wa Ghorofa ya Tatu, Arlington. Ameondoka ghafla. Tusinyamaze. Tukutane."

Hilo la "tusinyamaze" ndilo lenye moto. Nimelituma kwa simu kwenye kundi la Dallas, kundi la Fort Worth, la Houston, na la wanakwaya. Kisha nikazima simu. Hasira ya umma inatakiwa iachwe iive yenyewe, kama ndizi kabatini. Kesho nina miadi ya gari Fort Worth. Nitarudi mchana kuangalia imefikia wapi.

Jumamosi, 13 Septemba.

Leo naandika yote.

Nilirudi saa nane, gari limebadilishwa oili, moyo mweupe. Nafasi yangu ya kuegesha ilikuwa imechukuliwa. Zote zilikuwa zimechukuliwa. Nikafurahi: wamekuja kuandamana! Nikapanda ngazi polepole, kiheshima, nikitafuta maneno ya kuwatuliza.

Ghorofa ya tatu, viatu. Viatu kuanzia mlangoni kwangu mpaka kwenye ngazi. Harufu ya pilau. Akina mama wamekaa kwenye mikeka korido nzima, kanga mabegani. Waandamanaji hawaji na mikeka.

Mama mmoja Mkongomani akanipa sahani na kuniambia pole sana, papa, yaani baba. Nikashukuru, nilikuwa na njaa. Nikamuuliza nani amefariki. Akasema Mzee Sadiki. Nikauliza yupi. Akanionyesha ile picha yenye nywele kwenye simu yake, akanitazama mimi, hakuona uhusiano wowote.

Roho iliniruka. Ilirudi, ikaruka tena.

Nikajibanza mlangoni na sahani yangu. (Na nani aliyewafungulia?) Ndani, Nderitu alikuwa amesimama na daftari. Tangu jana ameshakuwa mwenyekiti! Ameunda kamati ya chakula, kamati ya ibada, na kamati ya kusafirisha mwili. Mwili gani? Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Kila kamati ilidhani kamati nyingine inajua. Watu mia wamekaa kwangu wananilia, na hakuna hata mmoja aliyegonga mlango wa chumba cha kulala kuhakikisha kwamba nimo au simo.

Queen alikuwa chini kwenye zulia, kitambaa kichwani, amemwegemea Fiona. Macho yamevimba. Nilipomwona nilitaka kurudi ngazi kimyakimya, nishuke, nipande tena nikikohoa kama mtu anayetoka safari. Sikuwahi. Mwanamume mmoja wa makamo alisimama akaomba kusema. Alijitambulisha: Khalfan, muuguzi, anakaa Alief kule Houston. Ameendesha gari kwa muda wa saa nne na sufuria la pilau amelifunga mkanda kwenye kiti cha mbele.

"Mimi marehemu sikumjua," alisema. "Nilikuwa natazama kipindi chake kazini, nimejifungia chooni, sauti nimezima, nafuata midomo. Siku aliyorudisha zile funguo nilimpigia baba yangu Tanga. Nilikuwa nimemweleza habari zangu, akaacha kupokea simu. Hakupokea siku ile pia. Nikapiga wiki iliyofuata, na iliyofuata. Sasa kila Ijumaa ananipigia yeye. Ananiuliza, mwenzako hajambo? Basi. Nimekuja kumshukuru huyu mzee."

Akakaa. Kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, naandika ukweli: nililia. Nililia mpaka pilau likanitokea puani. Nilimfikiria baba yule wa Tanga akiitazama simu inaita. Sikujua. Mimi nilidhani wanapenda jinsi nilivyoshika funguo.

Kisha Nderitu akachukua nafasi kutoa wasifu. Akasema marehemu alikuwa mwigizaji wa wastani, lakini alijitahidi, kwa mtu aliyetokea vipindi vitano tu.

"Tisa!" nikasema.

Vichwa vyote viligeuka.

"Vipindi tisa," nikasema. "Vitano ni uongo."

Siwezi kueleza kelele zile. Yule mama Mkongomani aliangukia mikeka. Heritier aliniwekea mkono kifuani kuona kama kuna kitu kinapiga. Khalfan alinitazama kwa muda mrefu sana, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia ukuta. Uso wa Nderitu ulionyesha huzuni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Queen aliinuka. Alivaa viatu vyake akaondoka.

Jumapili, 14 Septemba.

Queen amekuja kuosha masufuria ya watu. Nikachukua kitambaa nikawa nakausha. Tulimaliza matatu.

Halafu akasema, "Mjomba, nilipopata habari nili-pull over, nikasimamisha gari kando ya highway. Nilikaa pale taa zinawaka-waka, nikijiuliza nani sasa atasimama na mimi Aprili. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofikiria. Halafu nikajichukia kwa kufikiria hicho."

Nilisema samahani. Nilisema tena. Mara ya tatu ndiyo ilinitoka vizuri.

Akaniuliza kama kweli nilisoma mswada. Nikakiri niliishia ukurasa wa nne, kwa kuwa nilikuwa nimeshakufa. Akauliza uko wapi. Nikamwonyesha friji. Akaingiza mkono, akautoa na vumbi lake, akafungua ukurasa wa tano.

Ndiyo kwanza naingia! Marafiki wa zamani wanarudi kwa ajili ya mazishi yangu, wanakutana na vijana wapya, na kila mmoja ananikumbuka. Kila wakinikumbuka, naonekana. Ukurasa wa tano, wa tisa, wa kumi na moja. Maonyesho kumi na mawili. Tamthilia nzima ni juu yangu! Kile kilio nilichokuwa nikikiulizia kilikuwa changu.

Queen alisema aliiandika kwa ajili yangu, kwa sababu siku alipokuja kuniambia juu ya Fiona, mimi niliondoka bila kusema kitu, nikarudi na ufunguo wa akiba wa nyumba hii nikampa. Nilikuwa nimesahau. Nilishtuka kuliko jana.

Amenisamehe. Kwa sharti kwamba Aprili nifike nikiwa hai, na kwa wakati.

Jumamosi, 20 Septemba.

Leo kamera zimeanza. Nilifika saa mbili kabla ya wakati, na balaghashia mpya.

Queen akaniita pembeni. Akasema wiki nzima amekuwa akiwaza juu ya ule msiba: chumba kilivyojaa, watu walivyonililia, na mimi sipo popote. Akasema kilichomgusa ni hicho hasa, kwamba sipo. Kwa hiyo ameandika upya. Mzee Sadiki haonekani tena. Anakumbukwa tu.

Maonyesho yangu yote kumi na mawili yamekatwa. Mimi ni picha ukutani. Ile yenye nywele.

Khalfan amepewa hotuba, maneno yake yale yale, ukurasa mmoja na nusu. Alipomaliza hata yule mama wa mabusu alikuwa analia kwenye daftari lake. Muuguzi aliyekuja na sufuria! Nderitu sasa anacheza mwenyekiti wa kamati ya msiba. Mistari arobaini. Kazi yangu mimi ilikuwa kushikilia ngazi wakati wananitundika.

Kabla sijaondoka Queen alinishika mabega, akaniapisha sitatangaza tena kifo cha mtu yeyote, wa kweli au wa kuigiza. Niliapa kwa moyo wote. Nimejifunza. Binadamu hucheza na vingi, kifo si kimojawapo.

Lakini kufufuka hakukutajwa.

"Kwa furaha kubwa tunawatangazia kurejea kwa mpendwa wetu Mzee Sadiki wa Ghorofa ya Tatu. Atapokewa kesho saa nane mchana, uwanja wa ndege wa Dallas. Njooni na ngoma."

Nimetuma Dallas, Fort Worth, Houston na kwa wanakwaya. Nimezima simu.