Kuhusu Kumsimamisha Binti Yangu Peke Yake Uwanjani

Kwa Mkurugenzi wa Mashindano ya Tenisi ya Wanawake, Mchezo wa Mmoja Mmoja,
Ofisi iliyo nyuma ya uwanja, penye mlango wa mlinzi mwenye masharubu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pole na kazi, na salamu nyingi. Sikuambiwa kama wewe ni baba au mama. Kama ni baba, nakuamkia kwa heshima zote. Kama ni mama, basi mwenzangu utanielewa upesi, na huenda usihitaji kufika ukurasa wa pili.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la tano, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, livumilie kama unavyomvumilia mgeni aliyekaa kwenye kiti chako. Ni mama wa yule msichana mrefu mwenye kofia nyeupe aliyeshinda robo fainali jana, ambaye kesho saa nane mchana mtamtoa tena kwa nusu fainali. Hivi ninavyoandika amejipumzisha upande wa pili wa pazia, mguu mmoja umetoka nje, maana kitanda ni kile cha alipokuwa mfupi. Wenzake wako hotelini. Yeye alisema atalala kwetu, nami nikatandika shuka la wageni.

Naandika kwa sababu jana mechi ilipokwisha, mlinzi wenu alinivua kitambulisho changu shingoni, kile cha kamba ya kijani kilichoandikwa Jamaa wa Mchezaji. Akasema, "Samahani mama, ni amri kutoka juu." Nikamwuliza juu wapi, akanionyesha dari. Bila kitambulisho hicho kesho siingii, na nisipoingia mwanangu atakuwa hana mtu. Shauri langu ni hilo tu. Lakini barua ya maneno mawili haiheshimiwi ofisini, kwa hiyo nimeyapanga malalamiko kwa namba.

1. Huu mmoja mmoja wenyewe. Mheshimiwa, ni nani alikaa kitako akafikiri jambo hili? Mimi nimezaa watano. Chumba hiki tumelala watu saba na cherehani. Mtoto huyu alikuwa haendi hata kuoga bila mdogo wake kusimama mlangoni akimpigia hadithi. Ninyi mnamchukua, mnamweka katikati ya kiwanja kikubwa kuliko shule aliyosoma, kisha mnafunga mlango! Na najua mna mchezo wa wawili wawili, nimeuona Jumatatu. Wale wasichana wananong'onezana, wanapigana viganja, mmoja akikosa mwenzake anamwambia haidhuru. Hivyo ndivyo binadamu wanavyoishi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama mnajua kuwapanga wawili wawili, hawa wengine wamekosa nini?

Tena si kwamba watu wamekosekana. Nimewahesabu. Waokota mipira sita, wa kuchungulia mistari tisa, wa mataulo, wa mwavuli, na yule bwana wa kwenye kiti kirefu. Wote hao wamo ndani, na hakuna hata mmoja anayemjua mwanangu.

2. Bwana wa kiti kirefu. Kila mara anasema, "Kimya, tafadhali." Siku ya kwanza nilidhani anawaambia watoto, nikawageukia na mimi nikawaambia, "Hamsikii mnaambiwa nyamazeni?" Kumbe ni mimi. Na nilichokuwa nimesema ni hiki tu: "Taratibu, mama, usije ukaanguka." Akainamia kipaza sauti: "Mama mwenye gauni la njano, tunaomba usimfundishe mchezaji." Watu elfu moja wakageuka. Mheshimiwa, hata siku ya harusi yangu sikutazamwa na watu elfu moja. Halafu eti namfundisha! Mimi hadi Jumatano nilidhani ule wavu umewekwa katikati ili wasipigane. Ningemfundisha nini?

3. Tabia za wapinzani. Nasema hili bila chuki, maana nao wamezaliwa. Wale wasichana wanapiga mpira mahali ambapo mwanangu hayupo. Ingekuwa mara moja ningesema bahati mbaya. Lakini ni siku nzima! Akiwa kulia, mpira unakwenda kushoto. Akikimbilia kushoto, mpira uko kulia. Nilikwenda kwa binti wa tiketi kuripoti. Akaniambia, "Mama, si ndiyo mchezo wenyewe?" Nikamwambia, "Binti yangu, mtu akikurushia kitu mahali ambapo hupo, hachezi nawe huyo, anakutuma." Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, na malalamiko yangu hayakuandikwa. Naomba yaandikwe sasa. Tena napendekeza kanuni: mpira urudishwe ulikotoka, kwa adabu, mbele ya mwenzako. Mtaona mechi zitakavyorefuka na wenye tiketi watakavyofaidi.

Sitaki nionekane nampendelea wangu. Na yeye ana tabia hiyohiyo. Nilimkanya juzi akiwa anafunga kamba za viatu, akaniambia, "Sasa mama, nikimpigia mkononi nitashinda vipi?" Hayo kayapata kwenu. Nyumbani hatukumlea hivyo.

4. (Hili lilipaswa kuwa la kwanza, lakini nimeshaandika kwa wino.) Jambo la jana. Nasikia inasemwa kwamba niliingia uwanjani. Si kweli. Nilishuka. Kuna ngazi tisa, na mlinzi alikuwa ameinama kufunga kiatu, Mungu alivyopanga.

Ilikuwa hivi. Seti ya kwanza mwanangu alikuwa amechukua. Yule mpinzani wake akaenda kukaa kwenye benchi, akajifunika taulo kichwani, mabega yakawa yanatikisika. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna anayenyanyuka. Bwana wa kiti kirefu anakunywa maji. Watu elfu moja wamekaa, na mtoto wa mtu analia chini ya taulo! Ndipo nikashuka, nikakaa kando yake, nikampapasa mgongo. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Usimwone huyu wangu hivi, naye ana yake. Mpira wa juu upande wa kushoto unamsumbua tangu mdogo. Na ukimwona amekunja uso, ujue goti linauma, hapo hata kuinuka kufungua mlango hawezi." Mtoto akainua taulo. Akaniangalia vizuri sana. Akafuta machozi, akasema, "Asante, mama." Ana malezi yule, usije ukasikia vingine.

Basi akarudi uwanjani akachukua seti ya pili, mipira yote ya juu, yote upande wa kushoto. Nikafurahi kwamba amepata nafuu, na papo hapo moyo ukawa unanienda mbio kwa ajili ya wangu. Mheshimiwa, umewahi kuwaombea watu wawili wanaopigana? Seti ya tatu ilikwenda mpaka kivuli cha jukwaa kikafunika kiwanja chote. Wangu akashinda kwa pointi mbili tu, akalala chali pale chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Sasa nauliza. Kila mtoto angekuwa na mtu wake pembeni, kungekuwa na haja ya mimi kushuka? Mwenye nyumba asiyetoa kiti asishangae mgeni akikaa kitandani.

Njiani kurudi binti yangu hakusema kitu mpaka tulipofika kona ya duka. Ndipo akauliza, "Mama, yule ulimwambia nini?" Nikasema, "Nilimwambia anyamaze." "Na kingine?" "Habari za hapa na pale." Akavuta kofia ikafunika uso, akatembea hivyohivyo mpaka nyumbani, mimi nikimshika kiwiko asigonge nguzo. Ninakujua kunyamaza kule. Ni uchovu wa mtu aliyeachwa peke yake mchana kutwa.

5. Hesabu yenu ya wasichana. Mnaanza na thelathini na wawili, wazuri, wenye afya, kila mmoja na begi lake. Kila baada ya siku moja au mbili mnawarudisha nusu yao makwao wakilia. Mwisho mnabaki na mmoja, mnapiga makofi. Mheshimiwa, mimi ningeanza na watoto watano nikamaliza na mmoja, serikali isingekuja hapa kuniuliza?

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, yote kwa pamoja:

Viwekwe viti viwili vya mama ndani ya uwanja, kila kimoja upande wake. Wasichana wakibadilishana pande, na sisi tubadilishane, tukutane wavuni tujuliane hali. Mpira ukianguka kwenye mstari wakabishana, tuulizwe sisi akina mama, maana tunajua nani kati yao hudanganya na hudanganya akiwa na uso gani. Na fainali isiwe na wa kushindwa. Kombe lenu nimeliona pale mlangoni, lina masikio mawili. Kila msichana ashike lake, wapigwe picha, waende wakale.

Kama hayo yote ni mazito kwa ofisi moja, basi nirudishieni kitambulisho tu. Nitakaa hata kwenye ngazi. Nimeshapinda leso ya kujiziba mdomo, nimeishona mara mbili pembeni isichanike nikiuma.

Nisalimie bwana wa kiti kirefu, mwambie sina kinyongo, na kwamba koti lake limefumuka kwapani, naliona kila akinyoosha mkono, alete nitalishona bure. Msalimie mlinzi na masharubu yake, binti wa tiketi, wachungulia mistari wote tisa, na anayetandika mataulo, amenyooka kazini. Msalimie pia mpinzani wa kesho na aliyemzaa, popote alipo. Najua hali yake.

Ni mimi, niliyejaa heshima na wasiwasi,
Mama wa Kofia Nyeupe

Baada ya kusaini: Binti yangu ameamka. Ameikuta barua juu ya cherehani, ameisoma yote amesimama, mkono kiunoni. Nilikuwa nangoja anisifu mwandiko. Akasema, "Mama, kitambulisho hawakukunyang'anya wao. Mimi ndiye niliyewaomba."

Nikamwuliza kama ni kwa ajili ya yale maneno niliyompa mwenzake. Akasema hapana, hayo alishanisamehe kabla hatujafika nyumbani. Akakaa hapa miguuni pangu, kwenye marobota ya vitambaa. "Mama, humu ndani tulikuwa saba. Mkate mmoja, shuka moja, hata homa tulikuwa tunagawana. Unadhani kwa nini nilichagua mchezo huu, nikaacha wa wawili wawili? Pale ndani ndipo mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo hakuna mtu aliyenikalia mguu. Nakupenda. Lakini pale niachie."

Kisha akanibusu kipajini, akarudi kulala, akavuta pazia. Mimi nimekaa. Sijakanyaga cherehani, isije ikamwamsha.

Kwa hiyo Mheshimiwa, nafuta namba moja mpaka namba sita. Kitambulisho kaeni nacho. Kesho nitakuwa hapa nyumbani, mlango nimeufunga, napiga pasi sare za watu.

Lakini sasa ndiyo naona jinsi mnavyofanya kazi nusunusu. Kama ni peke yake, basi awe peke yake kweli! Wale sita wa kuokota mipira wa nini? Ataokota mwenyewe, nilimfundisha usafi. Wachungulia mistari wakachungulie kwao. Bwana wa kiti kirefu ashuke, alete lile koti. Watazamaji waje siku nyingine. Na huyo mpinzani wa kesho, kama hana shughuli ya lazima pale uwanjani, naomba mumwambie kwa upole abaki hotelini.