Fenda ya Kushoto

Jumatano, 9 Julai 2025

Imefika! Pijo 504 ya Baba, nyeupe, imeshuka Tunduma leo juu ya Fuso la viazi kutoka Itumba, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Boneti imeliwa na kutu. Fenda zote mbili zimetoboka chini. Si kitu. Ni yangu. Karibu iwe yangu.

Masharti ya Baba ameyarudia kwenye simu mara tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Jumapili ya tarehe 27 kanisa letu kule Itumba linatimiza miaka hamsini. Atafika na Pijo yake, na mbele ya watu wote atamkabidhi ufunguo mtoto aliyeitengeneza. Ila itengenezwe kwa bodi yake ileile. Kutu ikatwe, iungwe, igongwe. Akikuta bati geni, ufunguo unakwenda kwa Aliko.

Aliko! Mdogo wangu, fundi bodi wa Mlowo. Alitaka gari lipelekwe kwake, eti angeligonga polepole mpaka siku ya sherehe. Nikamkumbusha Baba kwamba mzaliwa wa kwanza ni mimi, Yesaya, na kwamba spea ziko Tunduma. Baba akasema, "Haya." Ile "haya" yake siipendi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata njia fupi. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, yuko Bwana Mulenga, mtu mwenye Pijo tatu kuukuu anazozipenda kuliko ndugu zake. Anatafuta boneti na fenda za kiwandani, zenye muhuri kwa ndani, hata kama zina kutu. Za kuiga hataki kuziona. Bahati iliyoje: anazo za kuiga, mpya, ndani ya maboksi, aliletewa kimakosa! Mali kwa mali. Nampa makutu yangu, ananipa mapya, na juu yake bampa mbili za kung'aa. Nilijiuliza mjinga hapa ni nani. Sikujiona.

Baba ana miaka themanini na mtoto wa jicho. Nyeupe ni nyeupe.

Lusubilo, fundi wangu, aligonga boneti mpya niliyorudi nayo kwa kidole akasema ukikohoa karibu yake inabonyea. Akaongeza kwamba bati la zamani ukilinyoosha linakaa, hili la kuiga litamzeesha. Nikamwambia sikumwita kuhubiri.

Jumatatu, 14 Julai

Za zamani tumezifungua. Mulenga anakuja Alhamisi. Nizifiche wapi? Uani zitaonekana, na Aliko ana tabia ya kutokea bila taarifa. Chumbani hazipiti mlangoni.

Jikoni! Mungu hamtupi mja wake. Sisi Wandali, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawasemeshani. Baba ameacha mengi ya zamani, hata simu ya kupangusa anayo, lakini hilo hajaliacha. Miaka kumi na tano nimemwoa Gwantwa na Baba hajawahi kukanyaga upande wa jiko letu. Akija yeye, mke wangu anajifungia humo mpaka aondoke. Hata Aliko, akiwa na Baba, hujifanya hauoni ule mlango. Hakuna benki yenye ulinzi kama huo.

Gwantwa amenuna. Aliuliza masufuria ayaweke wapi. Nikasema juu ya boneti. Aliniita Baba Tumpale kwa ile sauti anayoitumia kufukuzia mbwa. Wanawake hawaoni mbali.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya laana. Fenda ya kulia ina matundu sita ya bolti. Yanayokutana na ya gari ni mawili. Ya kushoto imekaa, lakini kati yake na mlango kidole gumba kinapita bila kubisha hodi. Boneti ukiifunga upande huu inafunguka upande ule. Lusubilo akasema ndugu yangu, hii ilipimiwa gari jingine. Akasema pia kwamba kwa nguvu tuliyotumia leo, zile za zamani zingekuwa zimekwisha kunyooka. Nikamwambia apanue matundu, apige puti ya kuzibia matundu, apulize rangi. Amefanya. Kwa mbali, ukikunja macho, ni gari.

Alhamisi, 17 Julai

Mulenga alikuja na pikapu yake. Boneti aliipapasa kama mtoto mchanga. Fenda ya kulia, vivyo hivyo, akaonyesha muhuri, akafurahi. Akageuza ya kushoto. Furaha ikakoma. Akasema awe, yaani hapana kwa Kibemba chao, awe, mudala, yaani mzee, hii si ya kiwanda. Ndani kulikuwa na mbavu za pipa na nusu ya neno MAFUTA. Pipa! Fenda imegongwa kwa nyundo kutoka kwenye pipa!

Aliniita mwizi. Mimi! Akachukua boneti na fenda ya kulia, akarudisha bampa zake za kung'aa kwenye pikapu, akaondoka. Ya pipa ameitupa pale pale jikoni.

Nimekaa mpaka chai imepoa. Kumbe Baba ametudanganya maisha yote. Bodi yake ileile! Anadai orijino na yeye mwenyewe ametembea na pipa. Roho iliniuma, lakini pia nilipata nafuu. Mwongo hawezi kumhukumu mwongo.

Jumamosi, 19 Julai

Walikuja. Baba na Aliko, bila kupiga simu, saa nne asubuhi. Gwantwa alikuwa anachambua maharage jikoni. Akasukuma mlango ukabaki wazi kidogo, akatulia humo. Baba akapewa kigoda, akageuza mgongo upande wa jiko kama ilivyo desturi.

Nikaeleza jinsi nilivyohangaika na kutu. Aliko alizunguka gari. Alipitisha kidole kwenye ule mwanya wa mlango, akakitoa, akakifuta kwenye suruali. Angesema ningemjibu.

Baba akaomba asogezwe. Haoni vizuri, lakini ana viganja. Boneti akaipita. Fenda ya kulia akaipita. Ya kushoto akaingiza mkono kwa ndani, chini kabisa, akapapasa. Akapapasa tena. Akauliza fenda yake iko wapi. Nikasema si ndiyo hiyo, Baba. Akauliza mara ya pili. Nikaapa! Nikamtaja hadi marehemu Mama.

Hapo sauti ikatoka jikoni.

"Wewe kuku! Shuka kwenye fenda ya watu! Tangu Jumatatu nawapikia katikati ya vyuma vya wenyewe, na wewe unataka kutagia humo! Utamjibu nini mwenye mali?"

Mke wangu alikuwa anasema na kuku. Mkwe wake hakumsemesha hata neno moja. Ukoo mzima ukikaa, hautamwona na kosa. Miaka kumi na tano ya heshima, na siku alipoamua kuitumia, ameitumia kuninyonga.

Aliko akaenda mlangoni, akapokea fenda bila kutazama ndani, akaileta. Baba akaipakata mapajani. Akaanza kulia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata msibani kwa Mama hakulia mbele yetu.

Akasema mwaka 1984 aligonga ng'ombe kule Momba. Spea hazikuwepo nchi nzima. Akapata pipa. Siku tisa nyuma ya nyumba, yeye akigonga, Mama akishikilia bati ili lisiruke. Akasema boneti na fenda ile nyingine ni kazi ya kiwanda, kiwanda kitatengeneza zingine. Hii alitengeneza na mkewe. Akasema, "Na wewe ulikuwa mgongoni kwake, Yesaya. Ulikuwa unalia kila nyundo ikishuka. Akawa anakuimbia huku amekaza mikono."

Niliumia. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliumia sana.

Jumapili, 20 Julai

Pijo imevutwa hadi Mlowo. Baba alikaa mbele na fenda yake mapajani, hakutaka iwekwe nyuma. Ufunguo ni wa Aliko. Hakunigombeza. Aliniambia tu nibaki salama, kama mtu anavyomuaga jirani.

Kumbe Aliko alijua! Alikiri mwenyewe. Aligeuza ile fenda akiwa na miaka kumi na miwili, akamuuliza Mama, Mama akamsimulia. Na mimi je? Kwa nini mimi hakuniambia mtu? Gwantwa akajibu, akimwambia kuku yule yule, kwamba wengine huwa hawaulizi. Chakula cha leo ni ugali na chumvi.

Jumatatu, 21 Julai

Sikulala, lakini nimeamka na akili. Pipa nimelipata kwa wauza mafuta karibu na stendi. Lusubilo atanigongea fenda ya kushoto, chakavu, yenye mbavu na maandishi. Alhamisi nakwenda Mlowo kumsalimu mdogo wangu, nazibadilisha. Jumapili, mbele ya kanisa zima, nasimama na kusema mbele ya Baba kwamba Aliko ameweka bati la kuiga, na ile ya Mama ninayo mimi, nimeitunza. Tuone ufunguo utakwenda wapi!

Lusubilo amekubali, shingo upande. Ila anataka kujua alama za nyundo zilienda kwa mlalo au kwa wima, na Mama alishikilia upande gani, maana pale bati huwa limebonyea kidogo kwa vidole. Nimefikiri kwa muda mrefu. Miaka arobaini nimelipanda lile gari.

Nimemwambia akadirie.