Uwanja wa Ndege wa Kilo Hamsini

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Miezi ishirini na mbili ya kubeba zege ugenini. Watoto wangu pacha wameshaanza kutembea. Nasikia wanamwita jirani baba. Lakini leo mambo yamejipa! Msimamizi wetu ana wazimu wa ndege: huunga za plastiki, ndogo kama kiganja, kwa gundi na kibano. Ana nafasi moja tu ya likizo mwezi huu. Ataipata atakayemtengenezea kipande cha uwanja wa kuisimamisha ndege yake kwenye maonyesho ya Jumamosi. Kionekane cha kweli, amesema. Cha kweli! Nimempigia mke wangu afue mashuka.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Mpinzani ni mmoja: Brashi, mpaka rangi, ninayelala naye chumba kimoja. Anapaka kijivu karatasi ya msasa, eti lami. Anakausha majani ya chai yaliyotumika, eti udongo. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mimi nimepiga fremu ya mbao, nikafunga nondo kwa waya, nikamwaga zege. Brashi akachungulia, akaniuliza kama najua kwamba ndege ile imepunguzwa mara sabini na mbili.
“Kokoto yako hiyo, kaka, rubani akijikwaa nayo ni msiba.”
Wivu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Zege bila kumwagiwa maji hupasuka. Nalimwagia asubuhi na jioni, ndoo nzima. Maji yamepita chini ya kitanda mpaka kwa Brashi. Msasa wake umebabuka. Sikukusudia. Sikuhuzunika pia. Ameuanika kwenye kamba, katikati ya soksi. Mke wangu ametuma picha ya nyayo za pacha alizozichora kwenye karatasi, nijue saizi ya viatu. Nimenunua jozi mbili, nyekundu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Kokoto zilinikera, kweli zilionekana kama majabali. Asubuhi nikazisiliba kwa saruji laini, nikatia dawa ya kukausha haraka. Kioo! Tukaubeba uwanja watu wawili mpaka ofisini kwa msimamizi, una uzito wa mfuko wa saruji. Msimamizi akausifu, akaiweka ndege juu, akaenda kikaoni. Dawa ile haina mzaha. Aliporudi, magurudumu yalikuwa yameshikwa. Akavuta. Ndege ikaja, miguu ikabaki. Kazi ya miezi minane! Akanitazama mpaka nikahesabu vifungo vya shati lake.
“Ndugu yangu,” akasema taratibu, “nenda kapumzike.”
Nikauliza kama ndiyo likizo. Siyo.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Brashi aliilaza ndege kwa tumbo kwenye majani yake ya chai, akachora mburuzo nyuma yake, ikawa ndege iliyoanguka. Jana kwenye maonyesho imeshika nafasi ya pili. Likizo ni yake. Kwao ni kijiji cha pili kutoka kwetu, kwa hiyo nimempa vile viatu. Amevifunga ndani ya shati lake zuri. Mke wangu aliuliza nitafika lini. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Habari njema! Msimamizi sasa anaunga meli. Inahitaji bahari, na nafasi ya mwezi ujao iko wazi. Brashi hayupo! Wengine, nasikia, hutengeneza bahari kwa gundi inayong’aa. Gundi! Bahari ni maji. Nimeshapata pipa la lita mia mbili na chumvi kilo kumi. Meza ya ofisini inaonekana imara. Nimempigia mke wangu afue mashuka upya.